Sikio la Koti Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 1 Julai

Daftari hili lilikuwa la ukaguzi wa mwaka juzi. Mbele limejaa namba za makoti na tiki zangu, nyuma zimebaki kurasa tupu, nami si mtu wa kutupa karatasi. Mdogo wangu anasema mtu anayegombana na mashine ya kufulia kila siku afadhali aandike, asije akaanza kuokota makopo. Haya, naandika.

Asubuhi Mkuu wa kituo ametukusanya uani na kutangaza kwamba likizo zote zimefutwa mpaka mvua inyeshe. Nyasi za nyuma ya kituo zimeshakauka, ukizikanyaga zinalia. Mimi sizimi moto. Ni mtunza stoo wa kikosi cha zimamoto, huu mwaka wa kumi na moja, na jina langu hapa ni Mama Stoo. Nafua makoti, nakagua, natia tiki. Anayesema ni kazi ndogo aje afue yeye.

Alhamisi, 4 Julai

Wameitwa mara tatu kwa siku moja. Makoti tisa yamerudi meusi.

Koti la moto si shati. Ndani yake, kati ya kitambaa cha nje na bitana, kuna mkanda mpana unaopita nyuma ya mabega na kuzunguka chini ya makwapa yote mawili. Kishikio chake kinatokeza kisogoni, chini ya kifuniko kidogo cha kunatia. Kikosi kizima tunakiita sikio. Askari akianguka ndani ya moto, mwenzake anafungua kifuniko, anamshika sikio na kumburuta mpaka nje. Mkanda unambana kifuani asichomoke, hata awe mzito kama gunia la mahindi.

Kabla ya kufua lazima mkanda utolewe, la sivyo unachana bitana. Koti likikauka, urudishwe. Kuurudisha ndiko shughuli. Unaingiza mkono kwenye tundu usiloliona, unapapasa, mkanda unakupotea begani, unaanza upya. Dakika ishirini kwa koti moja, na hapo sina haraka. Nina makoti thelathini na mbili.

Jumanne, 9 Julai

Upepo mtupu. Mashine imegoma, nimeipiga teke, ikaendelea. Laiti binadamu wote wangekuwa hivyo.

Ijumaa, 12 Julai

Redio amenitia hasira. Tunamwita Redio kwa sababu anaongea tangu anaingia getini mpaka anatoka, hata akivaa barakoa ya hewa unasikia bado anasimulia. Yeye na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndio huingia pamoja kwenye moto. Sijui shemeji anamvumilia vipi. Leo alisimama mlangoni mwa stoo na kikombe chake chekundu, akanitazama mkono wangu ulivyozama ndani ya koti mpaka begani.

"Mama Stoo, unazalisha ng'ombe?"

"Nenda zako."

"Basi, si utani. Nionyeshe unavyoupitisha huo mkanda nikusaidie. Mikono yangu mirefu."

"Mikono mirefu ni ya wezi. Nenda."

Akaondoka anacheka. Sipendi mtu anayejifanya mwema ili apate cha kusimulia mezani.

Saa ya kutoka ilipofika, makoti matatu yalikuwa bado. Nimeikunja mikanda yake, nikaisokomeza chini ya bitana pale kisogoni, nikaacha masikio yakitokeza vizuri. Kwa macho huwezi kujua. Nimetia tiki kwenye kadi zake ili kesho asubuhi yasihesabiwe kuwa na upungufu. Nitayapitisha mkanda kesho. Naandika hapa nisisahau.

Bado: 4, 9, 17.

Jumatatu, 15 Julai

Moto wa vichaka siku mbili mfululizo. Makoti kumi na manne. Mgongo wangu si wangu.

Bado: 2, 4, 9, 11, 17, 23, 30.

Alhamisi, 18 Julai

Mkaguzi wa makao makuu alikuja bila taarifa. Alipita kwenye safu, akafungua vifuniko kimoja kimoja, akaona sikio, akafunga. Hakuvuta hata moja. Akaangalia machela, akagonga mitungi ya hewa, kisha akamgeukia Mkuu: "Stoo hii ni ya kwanza mkoa mzima." Mkuu alinitazama kwa fahari kama baba aliyeozesha.

Nilicheka nao. Nilipokuwa peke yangu nilikaa juu ya ndoo, uso unaniwaka. Kusifiwa kwa kazi ambayo hukuifanya ni kama kuvalishwa nguo ya mtu mwingine mbele za watu. Nimeapa wiki hii namaliza yote.

Jumatatu, 22 Julai

Nimepitisha manne. Namba 17 ni koti la akiba, halina mwenyewe, linaweza kusubiri.

Bado: 9, 17, 30.

Alhamisi, 25 Julai

Naandikia kwenye benchi la hospitali, daftari juu ya goti, nisamehewe mwandiko.

Shemeji alifika stoo saa mbili asubuhi. Koti lake lilikuwa bado bichi, nililifua jana jioni. Alijua, akaanza utani wake.

"Shemeji, leo ungenivalisha kanga yako tu."

"Moto ungekimbia kwa aibu."

Nikafungua kabati la akiba. Lilikuwapo moja tu la saizi yake. Namba 17. Nililishika mkononi. Nataka niandike hili wazi, maana kesho nitakuwa nimeshaanza kujidanganya. Nilikumbuka. Si kwamba nilisahau. Nililitazama lile sikio nikajua halijashika kitu, na nikasema moyoni: ni zamu moja tu. Dakika ishirini zilikuwapo. Nilikuwa na chai mezani. Nikampa, akalivaa, akageuka nimwone nyuma kama mtu kwa fundi cherehani. "Nimependeza?" Nikamwambia amependeza.

Saa saba mchana king'ora. Ghala la magodoro.

Haya ndiyo niliyoyasikia kutoka kwa Redio mwenyewe, kwenye benchi hili hili, nyusi zimeungua, sauti imekauka. Waliingia wawili. Moshi wa magodoro ni mweusi, mkono wako huuoni. Boriti ilishuka ikampiga shemeji mguuni. Redio aliinua boriti, akapapasa kisogo, akafungua kifuniko, akapiga kelele "Nashika sikio!" ili mwenzake ajue. Akavuta kwa nguvu zake zote. Sikio likatoka. Likaja lote mkononi, jepesi, na yeye akaanguka kinyumenyume, barakoa ikamkaa upande. Alipoirudisha alijaribu kumvuta kwa mikono, glavu zikateleza kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kunata. Mtungi wake ukaanza kupiga filimbi kwamba hewa inakwisha. Akatoka kuita. Waliomfuata wakamkuta shemeji hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Dakika tano zilikuwa zimepita.

Hatua kumi na mbili. Hata mimi ningemburuta hatua kumi na mbili.

Redio alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza juu na chini. "Mama Stoo," akaniuliza, "sikio linatokaje?"

Nikasema sijui.

Ijumaa, 26 Julai

Kikosi kizima kilikuwa hospitali au ghalani kwenye uchunguzi, makoti yote yako stoo. Mimi nimejifungia stoo nikapitisha 9, 30 na lile la shemeji, kisha nikavuta masikio yote thelathini na moja, moja moja, kwa uzito wangu wote. Yote yameshika. Kazi niliyoshindwa wiki mbili nimeimaliza kabla ya saa sita mchana. Hakuna atakayeona kitu. Namba 17 madaktari walilikata kwa mkasi, mabaki yakatupwa, na ule mkanda umeungulia ghalani.



Jumapili, 28 Julai

Hospitali. Shemeji ana mpira kooni, haongei. Tulikuwa ukumbini, mdogo wangu na wanawe wawili na mimi, Redio akaja na mfuko wa machungwa. Huko kituoni tayari wanasemezana kwamba aliogopa, kwamba hakumfikia kabisa, kwamba hadithi ya sikio ni ya kujitetea, maana kadi ya koti ina tiki na saini. Mdogo wangu ameyasikia. Alisimama akamwendea.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia. "Umekula kwangu, umelala kwangu, na ulipotakiwa ulikimbia."

"Shemeji, wallahi nilim..."

"Usiniite shemeji!"

Akamtemea mate. Yalimpata kifuani. Watoto wanatazama. Mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu bega, eti namtuliza. Redio hakujipangusa. Aliweka machungwa chini ukutani akaondoka, na mimi bega la mdogo wangu sikuliachia.

Alhamisi, 1 Agosti

Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Jumatatu, 5 Agosti

Kamati ya uchunguzi imenihoji. Ni watu watatu, Mkuu yumo. Wameniuliza koti namba 17 lilikaguliwa lini. Nikawapa kadi. Wameuliza kama sikio linaweza kutoka lenyewe likiwa limepitishwa ipasavyo. Nikasema haliwezi. Ni kweli, haliwezi. Sikusema uongo hata mmoja, na nilitoka mle ndani nikiwa mwongo mkubwa kuliko wote wa mji huu.

Mkuu alinifuata mlangoni. "Pole sana, Mama Stoo. Najua ni shemeji yako. Umejikaza." Nilitaka ardhi ipasuke.

Ijumaa, 9 Agosti

Redio amesimamishwa kazi mpaka kikao cha mwisho, tarehe 29. Wakimkuta na hatia ya kumtelekeza mwenzake anafukuzwa, na hakuna kikosi kingine kitakachompokea. Alikuja kuchukua vitu vyake. Mezani wanaume wanane walikuwa wanakunywa chai, hakuna aliyeinua kichwa. Kikombe chake chekundu walikuwa wamekiweka nje dirishani, kimejaa majivu ya sigara. Alikimwaga, akakisuuza kwenye bomba la uani, akakikausha kwa shati lake.

Nilikuwa nimezoea kumwomba Mungu Redio anyamaze japo saa moja tu. Sasa kituo kizima kiko kimya, na kimya hiki ni mimi niliyekileta.

Jumapili, 11 Agosti

Hamna mvua. Nimempelekea mdogo wangu chakula kwenye bakuli langu kubwa. Amenibusu mikono. "Bila wewe, dada, ningekuwa nimeshakufa."

Jumatano, 14 Agosti

Nimegundua Redio huja hospitali kila siku saa ile wageni wanapoondoka, akakaa kwenye benchi la nje, upande wa dirisha la wodi. Haingii. Muuguzi ameniambia: "Yule kaka anauliza swali moja tu kila siku. Amekula? Nikimjibu, anaondoka."

Miaka sita nimemwona mtu yule kuwa ni kelele tupu. Ninakumbuka sasa mambo ambayo sikuyahesabu: yeye ndiye aliyekuwa akirudisha koti lake limegeuzwa ndani nje ili nisihangaike, mifuko imekung'utwa. Na ile siku ya mikono mirefu, alikuwa anataka kusaidia kweli. Angekaa pale dakika arobaini, angeongea mpaka masikio yangu yaungue, na 17 lingepitishwa.

Nilipita nyuma yake nisionekane.

Jumanne, 20 Agosti

Joto. Makoti saba. Yote nimepitisha, yote nimevuta. Vidole vimechubuka, na nafurahi vimechubuka, ujinga gani huo.

Jumanne, 27 Agosti

Wamemtoa shemeji mpira tangu juzi. Leo mdogo wangu alikwenda kuwachukua watoto shuleni, nikabaki naye peke yangu. Sauti yake imebaki nusu, kama mlango unaoburuzwa kwenye sakafu.

"Shemeji."

"Usiongee sana."

"Nilimsikia." Akapumzika. "Redio. Alisema nashika sikio. Nikajiambia, haya, natoka. Nikangoja kuvutwa."

Nikainyoosha shuka iliyokuwa imenyooka.

"Sikuvutwa. Nikahisi kitu kimepapasa hapa nyuma, basi. Kimya." Macho yake yalinigeukia. "Lile koti lilikuwa zima?"

Aliniuliza mimi. Hakumwuliza Mkuu wala kamati. Aliniuliza kwa sababu maisha yake yote ya kazi amevaa nilichomkabidhi bila kukigeuza mara mbili. Na mimi, Mungu anihukumu, nilimrekebishia mto kichwani nikasema, "Lilikuwa zima."

Alifumba macho.

"Basi nimeota. Daktari kaniambia moshi unaingia mpaka akilini. Mkuu anakuja keshokutwa asubuhi kuchukua maneno yangu kabla ya kikao. Nilitaka kumwambia nilimsikia." Akameza mate kwa taabu. "Kumbe siwezi kumtetea mtu kwa ndoto. Nitasema sikusikia kitu."

Nikaona kilichotokea. Mguu nilishamnyima. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata alichokisikia kwa masikio yake, na kwa hicho nilikuwa nammaliza rafiki yake. Mwezi mzima nimejiambia nangoja wakati mzuri wa kusema. Hakuna wakati mzuri. Kuna kabla ya Alhamisi na baada ya Alhamisi.

Nilimwambia, "Shemeji, hukuota." Akafungua macho. Lakini mlango ukafunguliwa, watoto wakaingia mbio, yule mdogo kati yao akapanda kitandani, akauliza, "Baba, mguu wako utaota tena kama jino?" Shemeji akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, muuguzi akatutoa wote.

Sijui kama alinisikia vizuri. Yaani hata nikikiri nakiri nusu.

Jumatano, 28 Agosti

Nimeamua mdogo wangu asisikie kwa watu. Nimekwenda kwake baada ya kazi.

Nilimkuta sebuleni na cherehani. Alikuwa na suruali sita za mumewe mapajani. Kila moja alikuwa anapima kwa futi, anakata mguu wa kushoto, anakunja pindo. Vipande vilivyokatwa alikuwa amevipanga vizuri kitini, vitano. "Asije akarudi nyumbani akakuta nguo zinamcheka," alisema. "Kaa, dada. Nikuwekee chai?"

Nikakataa chai. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia yote, tangu tarehe 12 Julai, tangu 4, 9, 17. Nilipofika kwenye zamu moja tu, nikairudia sentensi mara ya pili ili aisikie yote.

Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Wakati unampa, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa na kazi gani?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya sokoni. "Nilimlaani mwana wa watu. Nilimtemea mate mbele ya wanangu, na wewe umenishika bega hapa." Akajigusa bega. "Hapa, dada. Mkono wako ulikuwa hapa."

"Nisamehe."

"Toka kwangu kabla sijakumbuka kwamba nimeshika mkasi."

Nimetoka. Barabarani nimegundua nimevaa ndala zake, zangu nimeziacha mlangoni. Sikurudi.

Kesho daftari hili linakwenda mezani kwa kamati. Lina zile namba kwa mwandiko wangu na tarehe zake. Mkuu, kama unasoma ukurasa huu, lile teke la mashine nisamehe, mengine usinisamehe.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwenye karatasi za shule alizoacha binti yangu alipoolewa. Daftari liko kwao.

Siku ile ya kikao niliomba niingie wa kwanza. Redio alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, shati limepigwa pasi, kikombe chake hakipo. Niliweka daftari mezani, limefunguliwa pale penye Bado. Nikasema koti halikuwa zima, sikio halikushika kitu, na huyu kijana alifika, alivuta, na asingeweza kufanya zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Yaliisha kwa dakika mbili.

Mkuu alisoma kurasa kimya kimya, zote, sisi tumekaa. Kisha akavua miwani. "Miaka kumi na moja nimetia saini chini ya tiki zako. Sikuwahi kuvuta sikio hata moja." Akasukuma daftari kwa mwenzake. Shemeji naye asubuhi ile alikuwa ameshamwambia: "Nilimsikia, na shemeji yangu amesema sikuota." Kumbe alinisikia.

Redio amerudishwa kazini. Mimi nimefukuzwa, na kesi bado inaweza kuja, wameniambia nisisafiri. Sheria mpya ni kwamba kila askari anapitisha mkanda wake mwenyewe, halafu analala sakafuni, mwenzake anamburuta ukumbi mzima. Lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho.

Redio hakunitazama siku ile. Alipopita kwenye kiti changu aliyashika mashavu yake kwa viganja, kama mtu mwenye jino bovu, akatoka.

Jumapili, 22 Septemba

Mtoto mkubwa wa mdogo wangu amekuja mlangoni na bakuli langu kubwa. Limeoshwa, limekaushwa, ndani hakuna kitu, na juu yake ndala zangu kwenye mfuko.

"Mama mkubwa, mama kasema hivi vyako."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema nisikae."

Jumatatu, 30 Septemba

Mawingu, hayakunyesha. Shemeji amerudi nyumbani. Nimeambiwa na jirani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua imenyesha leo, ya kwanza, kubwa, mabati yalilia mpaka nikashindwa kusikia hodi. Nilipofungua alikuwa Redio, ameloa chapa, amebeba koti la moto ndani ya mfuko wa nailoni. Nikampisha. Akasimama katikati ya sebule, maji yanamdondoka.

"Nimelipitisha mwenyewe," alisema. "Angalia."

Nikaingiza mkono. Bega la kulia, kwapa, mgongo, kwapa, bega la kushoto. Umelala vizuri, haukujikunja popote. Nikamwambia umekaa sawa.

"Livae."

"Mimi?"

"Kituoni nimewaburuta wote, Mama Stoo. Wanaume ishirini. Nashika, navuta, wanakuja. Lakini nikilala mikono yangu inakumbuka ule wepesi." Alikunja vidole, akavikunjua. "Nataka nikuvute wewe."

Nililivaa. Lilinifika magotini, likanukia sabuni niliyokuwa nikifulia. Nikajilaza chali kwenye sakafu, nimeziangalia mbao za dari, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili. Nikasikia kifuniko kikifunguka kisogoni. Hakusema nashika sikio. Mtu yule anayeongea hata na taa za barabarani hakusema neno.

Akavuta. Mkanda ukanibana makwapani, pumzi ikanitoka, visigino vikaanza kukwaruza sakafu. Alinipitisha kando ya meza, kando ya kabati, hatua baada ya hatua, anahema. Nilizihesabu bila kutaka. Mlangoni akasimama. Zilikuwa kumi na moja, nyumba yangu ndogo. Hakuliachia sikio. Nikahisi mkono wake unatetemeka kupitia mkanda mpaka kwenye mbavu zangu, na nikajua analia, kwa hiyo sikugeuka.

"Mzito wewe," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe. Mzito hivi."

Nililia hapo chini, ndani ya koti lake, kwa aibu ambayo sasa haikuwa na pa kujificha. Nilimwuliza nilichokuwa nimejikataza kukiuliza. Nilimwuliza kama amenisamehe.

Alinisaidia kuinuka, akanivua koti, akalikunja vizuri, sikio juu.

"Bado," alisema. Akafungua mlango akatoka mvuani.